Babu Hakuwa na Mtani

Hapa Chang'ombe ninapoishi, nyuma ya nyumba yetu kuna kijana anayeoka mikate. Huwasha tanuri lake kabla jua halijachomoza, na harufu inapoanza kuingia dirishani huwa nimeshaamka, nimekaa kitandani, naisubiri. Wapangaji wenzangu husema harufu ile inawatia njaa. Mimi hainitii njaa. Inanirudisha Chilendu, kituo kidogo cha treni kati ya Gulwe na Dodoma mjini, katika kiangazi cha mwisho cha maisha ya babu yangu. Upepo ulikuwa ukivuma kutwa na kuleta vumbi jekundu mpaka ndani ya mitungi ya maji. Ndani ya vumbi lile kulikuwa na harufu ya zizi la ng'ombe, na harufu ya kuni za mgunga zinazoungua, na juu ya hizo zote harufu ya mkate wa babu, tamu na nzito, ikipita juu ya mapaa ya udongo ya nyumba za tembe kama mtu anayepiga hodi kila mlango.

Babu yangu huyo, baba yake mama, aliitwa Mmadi. Hakuwa mtu wa Dodoma, wala hakuwa mtu wa bara. Alizaliwa Ngazija, kisiwani, mahali ambapo alisema ukisimama popote unasikia maji. Alijifunza kuoka mikate huko kwao akiwa kijana, kwenye jiko la Mfaransa mmoja, kisha akavuka kuja kutafuta maisha, na mwisho akachukuliwa na mafundi wa reli kuwapikia katika kambi zao za porini. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye vidole vilivyopauka kwa unga hata siku ambazo hakushika unga. Kichwani hakukosa kofia yake nyeupe ya kufuma, aliyotoka nayo kwao. Ilikuwa imefuliwa mara nyingi hadi ikageuka rangi ya maziwa yaliyolala.

Habari za kufika kwake Chilendu nilizisikia kwa bibi zaidi kuliko kwake mwenyewe. Kazi ya kambi ilikuwa imekwisha, na babu alikuwa ndani ya treni akirudi pwani ili atafute chombo cha kumfikisha kwao. Mvua kubwa zikasomba reli upande wa Gulwe. Treni ikasimama porini, mahali pasipokuwa na nyumba hata moja. Wagogo walipitisha ng'ombe wao pale kwenda kwenye maji, lakini hakuna aliyetaka kulala karibu na reli. Abiria wakakaa, njaa ikaanza kuwauma, watoto wakaanza kulia. Babu alikuwa na magunia ya unga wa ngano yaliyobaki kambini. Akatafuta kichuguu kikubwa, akakichimba tumbo, akakisiliba kwa udongo wake wenyewe, akawasha moto ndani, na kesho yake abiria wakala mkate. Wanawake wa Kigogo waliokuwa wakichungulia kwa mbali wakasogea. Wakaleta maziwa na karanga, wakabadilishana na mkate. Mmoja wa wanawake hao, msichana aliyeitwa Matika, alirudi kila siku na kibuyu cha maziwa. Reli ilipotengenezwa treni iliondoka, babu hakupanda. "Alibakizwa na maziwa," bibi alikuwa akisema, na kila alipolisema neno hilo alifunika mdomo kwa kiganja kama msichana.

Baada ya hapo madereva wa treni walizoea kusimama kwenye kile kichuguu, kwa sababu ya mkate. Waliposimama, abiria walishuka. Waliposhuka, wanawake walileta karanga, samli na kuku. Watu wakajenga karibu ili wasitembee mbali, na mwisho Reli nao wakajenga kituo, kwa kuwa treni ilikuwa ikisimama pale hata hivyo. Mzee Salehe, mfanyabiashara Mrangi kutoka Kondoa, alifika na punda wake wawili wa vitambaa baadaye sana, akalala kwa babu siku ya kwanza, akala mkate wa babu. Ndiye aliyejenga duka la matofali ya kuchoma lenye paa la bati, la kwanza pale, lililong'aa hata ukiwa mbali kwenye treni. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya.

Nilipokuwa na akili ya kuyaona mambo, Chilendu ilikuwa na msikiti, kanisa, shule, ghala la karanga na gulio kubwa, na babu alikuwa mzee anayeheshimiwa na kila mtu. Ni heshima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtesa, ingawa mimi nilichelewa kuitambua. Kwenye mkutano, kwenye harusi, kwenye msiba, akitokea tu, kijana alikuwa akikimbia kutafuta kiti. Wazee wa Kigogo wa rika lake walikaa chini, kwenye magogo, kwenye mawe, wakiegemeana mabega na kuchokozana. Babu alikaa kwenye kiti, peke yake, magoti pamoja, kama mtu anayesubiri treni. "Shikamoo Mzee Mmadi." "Marahaba." Basi, maneno yanaishia hapo. Siku moja tukirudi kutoka kwenye harusi aliniambia, "Umeona kile kiti? Nimezeeka hapa, nimezaa hapa, na bado wananiletea kiti. Mwenye nyumba analetewa kiti na nani?"

Nyumbani alikuwa mtu mwingine kabisa. Kama babu wengi, aliniita mke wake, na mimi nilimwita mume wangu kibogoyo. Nikichelewa kuleta kuni alinitangazia talaka mbele ya majirani. Nikamwambia hata akiniacha hakuna mwanamke mwingine atakayemtafunia nyama. Hapo alicheka mpaka akashika kofia isianguke. Lakini huo ni utani wa nyumbani, wa babu na mjukuu, na alichokuwa akikitamani ni ule mwingine, utani wa kabila na kabila, ambao huku kwetu ndio unaomsindikiza mtu mpaka kaburini.

Nilikiona mwenyewe kitu hicho mwanzoni mwa kiangazi kile, alipofariki kaka yake bibi. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, na pale Chilendu Wanyamwezi walikuwa wafanyakazi wa reli, waliokaa kwenye kambi yao ng'ambo ya kituo. Mkubwa wao alikuwa Mzee Maganga, mtu wa Tabora, mwenye kifua kipana na sauti ya kuitia watu upande wa pili wa reli. Siku ya maziko walikuja wakiimba kama watu waliokuja kudai. Mmoja alikalia chungu cha mboga akakataa kuondoka. Mzee Maganga alivaa makubazi ya marehemu na kutembea kama yeye, mguu mmoja ukiburuta, hadi hata wajane wakaanza kujizuia kucheka katikati ya kilio.

"Haendi popote huyu!" alinguruma, amesimama katikati ya njia ya jeneza. "Babu zetu walipita hapa na mizigo kichwani, mkawauzia maji. Maji ya Mungu! Leo mtatunywesha bure, la sivyo mzikeni humu humu jikoni."

"Nendeni zenu, wachukuzi nyie!" wanawake wa Kigogo wakamjibu. "Mmezoea kubeba, mbebeni basi!"

Akambeba kweli. Ndiye aliyeshika mbele ya jeneza, na Wanyamwezi wake ndio waliochimba na kufukia. Babu aliyaona yote hayo akiwa kwenye kiti chake. Tuliporudi nyumbani hakwenda moja kwa moja kuangalia unga aliouacha uumuke, kama ilivyokuwa desturi yake. Alikaa mbele ya tanuri lililopoa, nami nikakaa karibu naye.

"Mke wangu," aliniambia, "yule amezikwa kama mtu. Ameliliwa na amechekwa. Mimi nikifa watanipa heshima. Watanyamaza wote, watanipeleka kimya kimya, kama wanavyozika abiria aliyekufa ndani ya treni."

Nikamwambia mimi nitamtania. Akanishika kichwa. "Wewe ni wangu wa ndani. Aliye ndani hawezi kusimama mlangoni akazuia jeneza. Anatakiwa mtu wa nje, aje aseme huyu ni wa hawa. Sisi Wangazija tuna watani gani huku? Hatukupigana na mtu huku. Hatukupita na msafara. Hakuna anayetukumbuka kwa ubaya wowote."

Muda mfupi baadaye mwalimu wetu wa darasa la tatu, kijana mgeni aliyehamia kutoka mkoa mwingine, alitufundisha habari za kijiji chetu. Alisema kijiji kilianzishwa na Mzee Salehe, aliyekuja na biashara na kujenga nyumba ya kwanza ya bati, na kwa sababu ya duka lake Reli wakaona inafaa kujenga kituo. Tuliandika. Sikunyoosha mkono. Mwalimu hakudanganya kwa makusudi. Aliuliza watu akaonyeshwa jengo kongwe kuliko yote, na jengo kongwe lilikuwa lile duka. Kichuguu cha babu kilikuwa kimeshaanguka na kujengwa upya mara nyingi, na udongo hauonyeshi umri. Nilipofika nyumbani nilimweleza babu nikiwa na hasira. Alikuwa akikanda. Hakuacha kukanda.

"Mimi nilioka mkate, mkate ukaliwa," alisema. "Yeye alijenga nyumba, na nyumba ipo. Mwalimu atamwonyesha mtoto nini, mkate wa zamani? Jina wampe Salehe, silitaki. Mimi nataka kelele siku yangu, basi."

Naamini alisema kweli, kwa sababu tangu siku ile alianza kufanya jambo ambalo lilimtia mama aibu kubwa. Alianza kumtafuta Mzee Maganga. Siku ya gulio, Mzee Maganga alikuwa amekaa kwenye benchi la mwuza kahawa, ameweka pembeni kofia yake ya pama, ile pana ya ukindu. Watu walikuwa wengi. Babu alipita nyuma yake polepole, akaichukua ile kofia, akaificha chini ya kanzu yake, kisha akasimama mbele ya benchi akatamka kwa sauti ya juu, maneno ambayo kwa hakika alikuwa ameyafanyia mazoezi: "Mnyamwezi! Wamekuuza wewe na kofia yako, au kofia peke yake?"

Gulio zima liligeuka kututazama. Nilikuwa nimebeba kikapu cha mikate, na nakumbuka kikapu kilivyokuwa kizito ghafla. Kama angekuwa Mgogo aliyesema vile, Mzee Maganga angeruka, angemwaga kahawa, angemwita majina, na watu wangecheka mpaka jioni. Lakini alisimama taratibu, akainamisha kichwa kidogo, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo Mzee Mmadi," alisema. "Naomba kofia yangu, mzee wangu."

Babu akaitoa. Unga wa vidoleni mwake ulibaki kwenye ukingo wa pama ile. Mzee Maganga hakuupangusa mbele yake. Mtu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaenda akaleta kiti.

Jioni Mzee Maganga alikuja nyumbani. Hakukaribia tanuri, alisimama kwenye ua wa miiba mpaka bibi alipomkaribisha. Waliongea karibu nami, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimfukuza mtoto wa kike anayechambua mchicha.

"Mzee, usinione nina kiburi," alisema. "Utani hauombwi. Ningekuwa na uwezo ningekupa. Nikikutania mimi, nani atanijibu? Wagogo wanasema wewe ni mgeni wao. Mgeni wa mtu siwezi kumgusa. Nitakuwa nimewatukana wao."

"Na mimi mwenyewe nikikujibu?"

"Utanijibu kama nani?"

Babu aliinuka akaenda kwenye tanuri. Alimpa mkate wa moto uliofungwa kwenye karatasi ya gazeti, Mzee Maganga akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake. Bibi alitaka kumfuata kumgombeza, babu akamkataza. "Mwache, amesema kweli," alisema, na usiku ule hatukusikia mzaha wowote ndani ya nyumba yetu.

Kiangazi kiliendelea. Majani ya migunga yakapukutika, korongo likabaki mchanga mtupu, na wanawake wakaanza kuchimba mashimo mchangani kusubiri maji yajikusanye kidogo kidogo. Babu alipungua kama maji yale. Mama alichukua kazi ya kukanda, na babu akabaki na kazi moja tu, kuonja moto. Alikuwa akiingiza mkono mdomoni mwa tanuri, anautoa, anasema "bado" au "tia". Alinitania mara chache zaidi. Nilimwita kibogoyo, akatabasamu tu, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali akakosa nguvu ya kuitikia. Niliogopa kifo chake, lakini nasema kweli, niliogopa zaidi ule ukimya alioutabiri. Nilikuwa nikiwatazama watu wa Chilendu wakipita na kumwamkia, nikiwahesabia heshima zao kama makosa.

Siku aliyofariki sikuambiwa na mtu. Niliamka, na harufu haikuwepo. Kulikuwa na vumbi na baridi ya asubuhi na harufu ya zizi, na juu yake hakuna kitu. Nilijua kabla sijatoka nje.

Watu walikuja wote. Walikuja Wagogo wa upande wa bibi, Warangi wa dukani, walimu, mkuu wa kituo. Mzee Salehe alileta sanda na akalia kwa machozi ya kweli, akisema huyu ndiye aliyempokea. Na ikawa kama babu alivyosema. Ua ulijaa watu, lakini uliweza kusikia kuku wakiparua. Walizungumza kwa kunong'ona. Wanaume walikaa wamenyooka. Waliomba radhi hata walipopitisha maji. Mzee Maganga na watu wake wa reli walikuja pia, wamevua kofia, wakakaa pembeni kama wageni waalikwa, na hakuna aliyekalia chungu. Nilimkodolea macho mpaka mama akanivuta. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, hakulia kwa sauti. Nadhani naye alikuwa akisikiliza.

Wakalinyanyua jeneza. Shehe akatangulia. Walikuwa wamekaribia mwanya wa ua wa miiba nilipomwona Mzee Maganga akisimama. Hakwenda kwenye jeneza. Aliingia ndani ya nyumba yetu bila hodi, tukasikia kitu kikianguka, na alipotoka alikuwa amevaa kofia ya babu, ile nyeupe ya kufuma, ndogo mno kwa kichwa chake, imekaa juu kama kifuniko cha birika. Usoni alikuwa amejipaka unga. Akapita katikati ya watu, akasimama kwenye mwanya, akatanua miguu.

"Tua!" alisema. "Nimesema tueni chini. Mnampeleka wapi huyu?"

Shehe alimkazia macho. "Mzee Maganga, tuna msiba."

"Nauona msiba. Sijaona ng'ombe!" Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya ng'ambo ya reli. "Mgogo gani huyu? Nawauliza nyie Wagogo. Mgogo gani anazeeka hapa mpaka meno yanakwisha, anakufa hana hata ndama? Mgogo gani anachunga mikate?"

Hakuna aliyejibu. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko wote wa siku ile, na ndani yake kila mtu alikuwa akichagua. Wangeweza kumwambia kwamba huyu si Mgogo, ni mgeni wetu, mheshimu. Hilo ndilo lilikuwa jibu la ukweli, na Mzee Maganga angevua kofia akapisha njia. Niliona midomo ya mzee mmoja, binamu yake bibi, ikifunguka na kufungika. Kisha nyuma yetu, mlangoni, bibi akacheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, akasimama akajifunga khanga kiunoni.

"Mchukuzi wewe!" alipaza sauti. "Vua kofia ya mume wangu! Umezoea kubeba vya watu mpaka kofia ya maiti?"

Na yule binamu yake akapata sauti. "Ng'ombe wake mliwala nyie mlipopita! Mwacheni Mgogo wetu!"

Basi ikawa kama mlango uliovunjika. Wanyamwezi wakasimama wote. Mmoja akakimbilia tanuri akajifanya anaingia ndani kulala, mwingine akabeba beleshi la kutolea mikate akalitumia kama bunduki. Wanawake wa Kigogo walikuwa wakirusha maneno kutoka kila upande, kila mmoja akimtetea, mume wa Matika, shemeji yetu, mzee wetu, Mgogo wetu mwembamba. Mzee Salehe alicheka na kulia kwa pamoja akishindwa kuchagua. Mzee Maganga alikataa kuondoka mpaka alipwe faini, na faini aliyotaka ni mkate wa marehemu. Mama akaleta uliobaki wa jana, umeshakuwa mkavu. Akaung'ata mbele ya watu wote, akakunja uso. "Mgumu kama taruma la reli! Mzikeni haraka kabla hajaoka mwingine." Kisha akaweka bega lake chini ya jeneza, mbele kabisa, na wakaondoka kwa kelele, nasi wanawake tukabaki tukizisikia zikienda mpaka ng'ambo ya kituo.

Aliporudi kumrudishia bibi kofia alikuwa amekwisha nawa unga. Bibi alimwuliza kwa nini alimnyima babu furaha ile alipokuwa hai. Mzee Maganga aliizungusha kofia mikononi. "Akiwa hai angenijibu mwenyewe, mama, na jibu lake lingekuwa la mgeni tu. Leo nimewauliza wenyewe. Sikujua watajibu nini. Niliogopa sana." Hayo nimeyabeba maisha yangu yote, hasa hilo la mwisho, kwamba mtu mkubwa vile aliogopa.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba, na sijui wanaoandika habari za miji huanza vipi. Chilendu leo ni mji. Una lami, umeme, kituo cha mafuta na mabasi yanayoita abiria wa Mpwapwa na Dodoma, na pikipiki zimejaa mahali tulipokuwa tukichezea. Shuleni bado wanafundisha habari za duka la bati, na barabara ya kituoni ina kibao chenye jina la Mzee Salehe. Sikuwahi kwenda kulalamika. Babu alisema jina wampe. Mwaka jana nilimzika mama hapa Chang'ombe. Walikuja majirani kutoka kila mkoa, wafanyakazi wa serikali, wanafunzi wapangaji, watu wema waliochanga na kupika na kupanga viti vya plastiki kwa mistari iliyonyooka. Kila mtu alinipa pole kwa sauti ya chini. Jeneza lilipotoka nilikuwa nikitazama geti. Hakusimama mtu.

Arobaini ilipopita nilipanda basi nikaenda Chilendu. Mahali pa tanuri pana duka la simu, lenye ukuta wa rangi ya bluu na spika mlangoni. Nilisimama pale muda mrefu, mpaka kijana wa dukani akapunguza muziki akatoka nje.

"Shikamoo mama. Unatafuta nini nikusaidie?"

"Marahaba mwanangu. Babu yangu aliishi hapa."

"Hapa? Eneo lote hili ni la Mzee Salehe toka zamani, mama."

Nikamwuliza kwao ni wapi. Akasema yeye kazaliwa hapo hapo, lakini wazee wake walitoka Tabora, walikuwa watu wa reli. "Kumbe ni Mnyamwezi!" nikamwambia, nikatoa sauti ya juu kidogo kama ya bibi. "Mchukuzi mkubwa wewe! Nani amekuachia duka? Utabeba hata ukuta!"

Alinitazama. Hakukasirika. Nilimwona akitafuta la kufanya na mama mtu mzima aliyevaa nguo nyeusi, aliyetoka safari, anayepaza sauti mbele ya duka lake. Kisha akatabasamu kwa adabu, akaingia ndani, akatoka na kiti. Akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka kivulini, akaniletea na maji ya chupa.

"Karibu sana mama," alisema. "Pumzika. Wewe ni mgeni wetu."

Nikakaa. Ilikuwa ni pale pale palipokuwa na mdomo wa tanuri, upepo ukipita na vumbi lake jekundu. Niliweka magoti pamoja, nikashika maji kwa mikono miwili, na nikamshukuru.